Bomba la Nyuma ya Choo

Kila asubuhi Kétsia alikuwa na kazi tatu. Alifagia ua, akamnawisha uso mdogo wake Archange, aliyepiga kelele utadhani anachinjwa, kisha akajaza madumu manne kwenye robine. Robine ndilo jina ambalo watu wa mji wao wa Kashuga waliuita mfereji, na ule wa kwao ulisimama katikati ya ua. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda. Wenzake wengi walipanda na kushuka mlima wakiwa na madumu mgongoni, lakini yeye alizungusha mkono tu na maji yakaja.

Robine ile ilikuwa fahari ya baba yake, Papa Jérôme, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza chumvi, sabuni na vitambaa. Bomba la plastiki nyeusi alilileta mwenyewe juu ya lori, akalifukia ardhini kutoka kwenye tangi la chemchemi, kule mlimani, hadi uani kwake. Kutoka hapo liliteremka mpaka kwa jirani yake Bienvenu na nyumba nyingine tano. Mgeni wa Papa Jérôme alikuwa hajaketi vizuri, ameshasimuliwa habari za bomba.

Aliyeangalia robine ile na kuwapanga majirani kwenye foleni ni Mama Nyiramana. Alikimbia vilima vya upande wa Rubaya baada ya mumewe kuuawa na nyumba yake kuchomwa, akafika Kashuga na sufuria moja tu. Mama Kasoki, mama yake Kétsia, alimpa chumba kidogo kando ya jiko. Nyiramana alikuwa mkali kwa wanaosukumana na mpole kwa watoto, na alikuwa na desturi moja iliyowachekesha watu wote wa ua ule: hakunywa hata tone la maji kabla ya kulichemsha.

"Mama Nyiramana, unapika maji sawa vile viazi?" Kétsia alimtania. "Haya maji inatoka ku mulima, iko safi!"

"Acha nipike, mwana wanjye," alijibu, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao, huku akipuliza moto. "Mu kambi ya bakimbizi tulikunywa maji ya kung'aa. Kwa juma moya tulizika batu makumi mbili."

Kétsia alicheka. Wakati huo bado alikuwa na nafasi ya kucheka.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, madumu mawili yakiwa yamejaa na mawili bado, risasi, au masasi kama walivyoziita wao, zililia upande wa soko. Watu wa Kashuga walikuwa na masikio ya vita. Walijua mlio wa mbali na wa karibu, na huu ulikuwa wa karibu. Wanawake walianza kuita watoto wao kwa majina. Mtu alipita barabarani mbio akipiga kelele kwamba wenye bunduki wameingia kwa wingi na wanachoma.

"Kétsia!" Papa Jérôme aliita kutoka dukani. "Kamata jembe! Chimba shimo nyuma ya choo! Fanya mbio!"

Miaka ile kila nyumba ilizika vitu vyake kabla ya kukimbia, na wengi walivizika karibu na choo. Waporaji walifukua bustani, walipasua magodoro, walichungulia hata ndani ya vyungu vya maharage, lakini uvundo uliwafukuza. Basi Kétsia akazunguka nyuma ya choo, akachimba kwa nguvu zake zote. Alichimba bila kukumbuka kwamba bomba la baba yake lilipita hapo hapo.

Pigo la sita liligonga kitu kigumu. Maji yakaruka, yakampiga kifuani na usoni.

Alirudi nyuma akijifuta macho. Kupitia pengo la ua wa matete aliona barabara, na barabarani alimwona Papa Callixte, fundi viatu, akikimbia na mashine yake ya kushonea mikononi. Risasi moja ilipigwa. Papa Callixte alikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala. Mashine ilimwangukia miguuni, wala hakuiondoa.

Kétsia aligeukia bomba. Alivua kitambaa chake cha kichwa, cha manjano chenye picha za ndege, akakifunga kwenye ufa kwa mafundo matatu. Maji yakapungua, yakawa ya kuchuruzika. Akarudisha udongo, akaukanyaga, akachimba shimo jingine hatua mbili pembeni. Baba yake alipofika na sanduku la bati lenye pesa za duka, shimo lilikuwa tayari.

"Juu ya nini umeloa hivi?"

"Nimemwanga dumu, Papa."

Hapakuwa na muda wa maswali. Walifukia sanduku, wakatoka mbio kupitia shamba la ndizi. Walikuwa wamefika mtoni Mama Kasoki alipopiga ukelele uliomkata Kétsia maini: Archange hakuwepo. Kila mmoja alidhani mwenzake amembeba. Papa Jérôme aligeuka, kisha akachuchumaa nyuma ya mgomba. Risasi zilikuwa zikikata majani ya migomba juu ya vichwa vyao.

Aliyerudi ni Mama Nyiramana. Hakuaga. Aliinama tu, akaingia tena ndizini, na baada ya muda ambao Kétsia aliuona mrefu kuliko mwaka, alitokea na Archange mgongoni, amemfunga kwa kitenge, naye mwenyewe akichuruzika damu sikioni.

"Alikuwa chini ya kitanda," alisema. "Tuende."

Siku nane walilala mashambani ng'ambo ya mto, wakila mihogo mibichi. Waliporudi, Kashuga ilinuka moshi. Nyumba sita za barabarani zilikuwa majivu. Papa Callixte walimkuta ameshazikwa na watu wasiojulikana, kaburi bila msalaba. Nyumbani kwao mlango ulikuwa umepasuliwa kwa shoka, dukani hakukubaki hata kipande cha sabuni, na ukutani mtu alikuwa amejisaidia kwa makusudi.

Papa Jérôme alizunguka ua wote. Kisha akaenda kwenye robine, akaigusa kwa vidole.

"Bamekamata vyote vya duka," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watoto wake. "Lakini tiyo yangu hawakuigusa. Mungu iko. Tiyo yangu iko muzima."

Tiyo ndiyo bomba kwa lugha yao. Kétsia alikuwa ameshafungua kinywa. Alikuwa ameazimia njia nzima kwamba akifika tu atasema. Lakini alipoyaona yale machozi aliufyata ulimi. Atasema kesho, alijiambia, na sote tunaijua kesho ya namna hiyo.

Mlinzi wa maji ya mtaa, Papa Védaste, mzee mfupi mwenye sauti nzito, alipanda kwenye tangi akafungua vane, yaani lile gurudumu dogo la chuma linaloruhusu maji kushuka. Mvua za mwaka ule zilikuwa chache na chemchemi dhaifu, kwa hiyo kila jioni aliifunga ili tangi lijae, na kila alfajiri akaifungua tena. Maji yalikuja. Majirani walishangilia.

Kétsia peke yake ndiye aliyekwenda nyuma ya choo. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi, lakini udongo wa pale ulikuwa tope. Pande nyingine zote palikuwa pakavu. Alipotega sikio alisikia mlio mwembamba chini ya ardhi. Kila dalili ilikuwa wazi, naye alijitia hamnazo. Aliburuta fungu la matete makavu, akafunika pale palipolowa.

Siku ya tatu Mama Nyiramana alimfuata Papa Jérôme na bakuli mkononi.

"Papa Jérôme, angalia. Maji ya kwanza ya asubuhi iko na rangi. Na iko na harufu."

"Ni udongo ya mulima," alijibu Papa Jérôme, amekasirika kama mtu aliyetukaniwa mtoto. "Acha imwangike kidogo, itakuwa safi."

Kétsia alikuwa amesimama karibu, ufagio mkononi. Aliinamisha kichwa, akaendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Siku ya tano Archange alianza kutapika. Kufikia jioni alikuwa akiharisha maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na macho yake yalikuwa yamezama. Kesho yake waliugua watoto wawili kwa Bienvenu, kisha mzee mmoja nyumba ya chini, kisha watu tisa kwa siku moja. Muuguzi Geneviève aliwalaza kwenye mikeka katika kituo cha afya kwa sababu vitanda vilikuwa vimeporwa.

"Iko maji chafu," alimwambia kila aliyeleta mgonjwa. "Mutokose maji! Munawe mikono!"

Wachache walimsikiliza. Katika nchi iliyozoea kuuawa, watu hutafuta muuaji kwanza. Neno likaanza kutembea kutoka ua hadi ua: karuho, ile sumu inayosemwa kutiliwa watu kwa siri. Ametia nani? Ni nani anayeigusa robine kabla ya wengine? Na katika ua wote wa Papa Jérôme, ni nani ambaye hata tumbo halijamuuma? Jibu lilikuwa moja. Zaidi ya hayo alikuwa mgeni, ametoka kwingine, na lafudhi yake ilikuwa ya kabila ambalo wengi walinong'ona kwamba ndilo lililoleta vita. Kwamba alichemsha maji yake hakuna aliyetaka kukumbuka.

Ijumaa mchana alifariki Émilienne, binti wa Bienvenu. Alikuwa na miaka minne. Alizoea kuja kwa Kétsia kuomba asukwe nywele, na hakutulia hata mara moja mpaka msuko ukaisha.

Walimzika Jumamosi asubuhi. Kétsia hakwenda. Alikaa kando ya mkeka wa Archange, ambaye alikuwa amerudishwa nyumbani akiwa bado dhaifu. Alijua. Alikuwa amejua tangu siku Archange alipotapika mara ya kwanza, lakini kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Jana angesema amepasua bomba. Leo angekuwa anasema nini?

Ndipo aliposikia kelele. Waombolezaji walikuwa wanarudi kutoka makaburini, lakini hawakuwa wanaimba. Wanaume kama thelathini waliingia uani kwa pamoja wakauangusha ua wa matete. Mbele yao alikuwa Bienvenu mwenyewe, udongo wa kaburi ungali magotini, mkononi ana nondo ya chuma, ndefu kama fimbo ya kuchungia.

"Iko wapi?" alinguruma. "Ile nyoka iko wapi?"

Walimtoa Mama Nyiramana jikoni kwa kumburuta kwa nguo. Sufuria yake ilipinduliwa, maji ya moto yakamwagika juu ya miguu yake, akapiga ukelele. Kijana mmoja alimpiga kofi, mwingine akampiga teke ubavuni. Walimvuta hadi kwenye robine.

"Kunywa!" Bienvenu alisema. "Kama haukutia kitu, kunywa mbele yetu!"

Mama Nyiramana alipiga magoti, akafungua robine, akanywa kwa viganja, mara tatu, maji yasiyochemshwa, akiwatazama.

"Munaona," alisema kwa sauti ndogo. "Sikutia kitu."

"Anakunywa juu iko na dawa yake!" mtu alipaza sauti nyuma. "Mulozi hafi na sumu yake mwenyewe!"

Basi hapo akili ilikuwa imekwisha. Angekataa kunywa, ni mwuaji. Alikunywa, ni mwuaji vilevile. Jiwe la kwanza lilimpata begani, la pili kwenye paji la uso. Aliinua mkono kujikinga, na Bienvenu akashusha nondo. Kétsia aliusikia mfupa ukikatika. Mlangoni, Papa Jérôme alikuwa amesimama, kinywa wazi. Mtoto wake mwenyewe nusura afe, na sehemu ya moyo wake ilikuwa inaamini. Hakutoka mlangoni. Mama Kasoki alijaribu kupita, akasukumwa mpaka akaanguka.

Kisha Kétsia aliwaona vijana wawili wakivingirisha tairi kuukuu kutoka barabarani. Watoto wa Kashuga walijua tairi ni la nini. Lilikuwa la kumchomea mtu akiwa hai.

Hakukumbuka baadaye alipitaje katikati ya miguu ile yote. Alijitupa juu ya Mama Nyiramana. Nondo ilikuwa inashuka tena na ilimpata mgongoni, ikamkata pumzi. Umati ulisita, kwa sababu hawakuja kumpiga mtoto wa Papa Jérôme.

"Ni miye!" alipaza sauti alipopata pumzi. "Musimuue! Ni miye njo nilipasula tiyo! Siku ya masasi! Nyuma ya choo!"

"Kétsia, nyamaza!" baba yake aliita.

"Sitanyamaza, Papa! Nilinyamaza mingi! Nilipasula tiyo na jembe, nikafunga na kitambaa, nikafukia. Maji ya choo inaingia. Iko karuho? Haiko karuho! Ni miye!"

"Anamutetea juu anamupenda," mtu alisema. "Mutoto anadanganya. Mumutoe."

Mikono miwili ilimshika Kétsia mabega. Hapo ndipo Papa Védaste alipojipenyeza mbele, amevaa koti lake la maziko, jasho linamtoka.

"Muache!" alisema kwa ile sauti yake nzito. "Kama mutoto anadanganya, tutajua sasa hivi. Bienvenu, nipe hiyo chuma."

Bienvenu alizidi kuikamata nondo.

"Nipe chuma, kaka. Kama nikikosa nitakurudishia."

Sijui ni uchovu au ni mazoea ya kumtii mtu wa maji, lakini Bienvenu aliachilia. Papa Védaste aliwatuma vijana wakafunge robine za nyumba zote sita za chini, naye akafunga ya uani kwa mkono wake. Alingoja mpaka wote wakarudi na kuapa kwamba zimefungwa. Kisha akawapandisha mlimani, umati mzima nyuma yake, mpaka kwenye vane, mahali bomba lilipoonekana juu ya ardhi.

"Robine yote iko imefungwa," alisema. "Vane iko wazi. Maji haina njia ya kutoka, si vile? Basi ndani ya tiyo maji inapaswa kusimama kimya."

Aliweka ncha moja ya nondo juu ya bomba na ncha ya pili sikioni. Alisikiliza. Kisha akamwita Bienvenu.

"Weka sikio."

Bienvenu aliinama. Mkono wake ulikuwa bado na damu isiyo yake. Aliweka sikio kwenye chuma kilekile alichokuwa akipiga nacho, na watu wakamwona akikunja uso.

"Inapita," alisema. "Maji inapita."

"Inapita inaenda wapi, na robine yote imefungwa?"

Papa Védaste alianza kuteremka akifuata njia ya bomba. Kila hatua kumi alichomeka nondo ardhini mpaka ikaligusa bomba taratibu, akasikiliza, akampa Bienvenu asikilize. Mlio ulizidi. Walipofika nyuma ya choo hawakuhitaji nondo tena, ulisikika kwa masikio matupu. Papa Védaste alipiga teke fungu la matete. Chini yake palikuwa na tope jeusi na majani ya kijani.

Walichimba watu wawili tu, wengine walisimama. Hata kina cha goti hawakufika. Maji machafu yalijaa shimoni, yenye harufu iliyowafanya walio mbele warudi nyuma. Papa Védaste aliingiza mkono, akavuta kitambaa cha manjano chenye picha za ndege na mafundo matatu. Kila mwanamke wa mtaa ule alikuwa amekiona kichwani kwa Kétsia.

"Musikilize vizuri," Papa Védaste alisema. "Mu saa vane iko wazi, maji inasukuma, inatoka ku ufa. Lakini jioni ninafunga vane. Batu banaendelea kuchota, tiyo inabaki bila kitu, inavuta. Inavuta nini? Hii." Alionyesha kwa kidole. "Asubuhi ninafungua, maji inabeba hii yote mpaka mu masufuria yenu. Na miye pia niko na kosa. Nilifungua vane kisha ya vita bila kutembea ku tiyo yote. Ningetembea, ningeona udongo imeloa. Ningeona."

Mawe yalianza kuanguka chini, moja moja, kimyakimya. Wenye tairi waliliacha palepale wakaondoka bila kuangalia nyuma. Bienvenu alikaa ukingoni mwa shimo, akatia uso wake katikati ya magoti, akalia kwa sauti kubwa. Siku mbili alikuwa hajalia, alikuwa anatafuta wa kumpiga.

Papa Jérôme alimbeba Mama Nyiramana mwenyewe mpaka kituoni. Njiani, watu waliokutana nao wasema, alikuwa akirudia neno moja tu: nisamehe.

Bomba lilitengenezwa siku ileile. Papa Védaste alikata kipande kibovu, akawaonyesha watoto wote ufa ulivyo, kisha akalihamisha bomba mbali na choo, hatua thelathini na zaidi, akaunga kwa kiungio kipya na kubana kwa nyaya. Kabla ya kulifukia aliwaita tena wasikilize kwa nondo. Safari hii ilikuwa kimya. Muuguzi Geneviève alitia dawa ya klorini kwenye tangi, maji yakamwagwa kutwa nzima, na kwa majuma mawili hakuna aliyekunywa bila kuchemsha. Wagonjwa wapya wakapungua, kisha wakaisha. Archange akarudi kupiga kelele za kunawishwa.

Papa Jérôme hakumpiga Kétsia. Alimwita, akakaa naye juu ya sanduku la bati, ambalo sasa tu lilikuwa limefukuliwa.

"Uliogopa miye kuliko masasi?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Basi hiyo iko kosa yangu," alisema baba yake. "Ile ingine iko yako. Uende ukaongee na yule mama."

Kituoni, Mama Nyiramana alikuwa amelala ubavu, mkono umefungwa kwa vibao, paji la uso limeshonwa, kikombe cha dawa ya tumbo kando yake. Kétsia alipiga magoti kando ya mkeka. Alikuwa amejiandalia maneno mengi. Yote yalimpotea, akabaki kulia.

"Lia, kisha usikilize," Mama Nyiramana alisema. "Siku ya masasi uligonga tiyo. Kila muntu alikuwa na woga, hata baba yako. Ile sikuhesabii kosa. Ukafunga na kitambaa, sawa, ulifanya unachoweza. Lakini uliporudi ukaona udongo inalowa, masasi haikukuwa. Ile siku ungesema, Papa Védaste angechimba, angekugombeza, na jioni tungekula. Kosa iko pale, mwana wanjye. Iko mu zile siku ulifunika na matete. Kitu ikiharibika mu nyumba, hata kama ni weye umeiharibu, uiseme wakati iko ingali kitu ya kutengeneza."

"Na Émilienne?" Kétsia aliuliza.

Mama Nyiramana alifumba macho. Hakutaka kumdanganya mtoto, na mimi ninayesimulia simlaumu.

"Émilienne harudi," alisema. "Ile utatembea nayo. Lakini miye niko hapa, juu ulisema mbele ya batu thelathini. Ukiweza kusema mbele ya bale, utaweza kusema mbele ya muntu mumoya. Mama yake iko ku nyumba. Usitume baba yako."

Kétsia alijifuta uso, akaondoka. Alipita barabara ya soko, akapita nyumba zilizoungua, na mgongo ulimuuma mahali nondo ilipompata. Mama Émilienne alikuwa amekaa nje kwenye kibao, nguo za mtoto zimekunjwa mapajani. Alikuwa ameshasikia yote, kila mtu Kashuga alikuwa ameshasikia, lakini Kétsia alisimama mbele yake akasema kwa kinywa chake mwenyewe.

"Mama, ni miye njo nilipasula tiyo. Nilijua, na sikusema. Naomba pole."

Yule mama alimtazama. Hakusema kwamba amemsamehe, wala hakumfukuza. Baada ya muda alisogea kidogo kwenye kibao, akampisha nafasi, na Kétsia akakaa.